Kutuma faili: kanuni zilitangulia, njia ikachelewa

Wadau, kijana mmoja wa Didia kaniuliza: faili linahamaje kutoka kompyuta moja hadi nyingine? Jibu lake ni la zamani. Mwaka 1971 Abhay Bhushan, Mhindi aliyekuwa akisoma MIT, Marekani, aliandika kanuni za FTP: kompyuta yako inabisha hodi kwa nyingine, inataja jina na neno la siri, kisha inapakia au inapakua.

Kanuni zilikuwepo, njia ndiyo hatukuwa nayo. Mpaka kebo ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam Julai 2009, tulitegemea zaidi setelaiti, ghali na ya kusuasua. Flashi ilipanda basi.

Sasa njia ipo, ila angalieni: FTP ya zamani haifichi neno la siri. Anayeanza leo atumie SFTP, inayolificha.