Wild Wadi: Robo Karne ya Juha na Maji

Mwaka 1999 Juha alipata makazi ufukoni Jumeirah, mjini Dubai. Mhusika huyu wa ngano za Kiarabu, ambaye vituko vyake ni ndugu wa vile vya Abunuwasi wa pwani yetu, ndiye aliyefanywa mwenyeji wa Wild Wadi, bustani ya michezo ya maji iliyojengwa baina ya hoteli mbili mashuhuri: Jumeirah Beach Hotel yenye umbo la wimbi, iliyofunguliwa 1997, na Burj Al Arab yenye umbo la tanga, iliyoanza kupokea wageni mwishoni mwa 1999.

Biashara ya bustani za maji ilikuwa imeshamiri kwanza Marekani, ambako George Millay alifungua Wet 'n Wild mjini Orlando mwaka 1977. Dubai ilichukua ufundi huo, lakini kisa ikakitafuta nyumbani. Juha na rafiki yake Sinbad, masimulizi ya bustani yanaeleza, walivunjikiwa na chombo wakatupwa kwenye ghuba yenye neema ya maji. Ndiyo maana kuta zina rangi ya mchanga na mitende imetanda kila upande. Watoto nao hucheza kwenye jahazi la Juha.

Fahari ya mafundi ilikuwa kuyapandisha maji mlimani. Kwenye baadhi ya mitelezo, mikondo yenye nguvu husukuma boya na abiria wake kwenda juu kabla ya kuwaachia washuke. Kwingineko, pampu hutandaza maji kasi juu ya sakafu laini iliyoinama, likapatikana wimbi lisilokatika kwa wapenda kuteleza na ubao.

Jina lililotamkwa kwa woga ni Jumeirah Sceirah. Mtelezo huo uliwashusha watu kutoka urefu unaozidi mita 30, kwa kasi iliyokaribia kilomita 80 kwa saa. Baadaye ulijengwa upya, ukawa na njia mbili sambamba na sakafu inayofunguka ghafla chini ya miguu.

Ushindani ulikuja baadaye. Aquaventure ilifunguliwa Palm Jumeirah mwaka 2008, na mwaka 2013 ikafuata Yas Waterworld ya Abu Dhabi, iliyojengwa juu ya hadithi ya Dana, binti anayeitafuta lulu iliyopotea. Wild Wadi ilibaki na Juha wake, na mwaka 2024 ikatimiza miaka 25 bila kumbadilisha mwenyeji.