Kimelea cha Trakoma

Mwaka 1907, kisiwani Java, Ludwig Halberstaedter na Stanislaus von Prowazek waliona vidoa ndani ya seli za macho yenye trakoma, ugonjwa wa vikope. Kwa miongo mingi kimelea chake kilidhaniwa kuwa kirusi. Hadubini ya elektroni ilisaidia kukata shauri. Katika picha zake, chembe nyeusi, kila moja takriban sehemu 3 za elfu 10 za milimita, zimejazana kando ya nyingine kubwa zinazogawanyika mbilimbili. Virusi havigawanyiki hivyo. Chembe hizi ni bakteria, ndiyo maana dawa ya azithromisini huwaua. Zahanati haihitaji hadubini hiyo ili kutambua ugonjwa: mhudumu hupindua ukope wa juu, akatafuta vipele. Ugonjwa ukirudiarudia, kope hugeukia ndani zikakwaruza jicho hadi upofu.