Filamu huru za Afrika Mashariki katika matamasha ya nje

Filamu huru ni filamu inayotengenezwa bila mtaji wala usimamizi wa studio kubwa. Mtengenezaji wake hutafuta fedha mwenyewe kutoka mifuko ya misaada, ndugu na marafiki, au kwa kipato cha kazi nyingine, kama vile kupiga picha za matangazo ya biashara. Kwa kuwa Kenya, Tanzania na Uganda zina kumbi chache za sinema, tena nyingi zikiwa mijini, filamu nyingi za aina hii huonyeshwa kwanza kwenye matamasha ya filamu yaliyo mbali na nyumbani.

Kualikwa kwenye tamasha ni mwanzo tu. Faida ya mwaliko hutegemea msaada anaoupata mtengenezaji kabla ya safari, wakati wa tamasha na baada ya kurudi.

Kazi ya tamasha

Katika tamasha filamu hukutana na watu watatu muhimu: mtazamaji, mwandishi wa habari na mnunuzi. Wasambazaji, vituo vya televisheni na makampuni ya kuonyesha filamu kwenye intaneti hutuma wawakilishi kutafuta kazi mpya. Tuzo humsaidia mwongozaji kupata fedha za filamu inayofuata.

Barani Afrika matamasha ya zamani ni pamoja na lile la Carthage nchini Tunisia (1966), FESPACO la Ouagadougou nchini Burkina Faso (1969) na la Durban nchini Afrika Kusini (1979). Katika pwani ya Afrika Mashariki liko Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar (ZIFF), lililoanzishwa mwaka 1997, ambalo tuzo yake kuu ni Jahazi la Dhahabu. Nje ya Afrika yanayotajwa sana ni Cannes, Berlin, Rotterdam, Toronto na Sundance.

Gharama na matayarisho

Filamu iliyokamilika bado huhitaji kazi nyingi kabla ya kuonyeshwa ugenini. Mazungumzo ya Kiswahili, Kikuyu au Kiganda hutafsiriwa na kuandikwa chini ya picha. Sauti husawazishwa upya ili ifae ukumbi mkubwa, na filamu huwekwa katika faili maalumu ya kumbi za sinema iitwayo DCP. Matamasha mengi hutoza ada ya maombi, na ada hiyo hairudishwi filamu ikikataliwa.

Matamasha makubwa pia hutaka yawe ya kwanza kuionyesha filamu, duniani au katika bara lao. Hivyo filamu iliyokwisha kuonyeshwa hadharani au kuwekwa kwenye intaneti yaweza kupoteza nafasi hiyo. Ndiyo sababu mara nyingi watu wa nyumbani huwa wa mwisho kuiona.

Aina za msaada

Fedha. Baadhi ya matamasha yana mifuko yake. Rotterdam ina Mfuko wa Hubert Bals tangu 1988, na Berlin ina Mfuko wa Sinema ya Dunia tangu 2004. Jijini Nairobi, Docubox husaidia watengenezaji wa filamu za hali halisi wa Afrika Mashariki.

Mafunzo. Mwongozaji Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab mjini Kampala mwaka 2004 ili kuwafundisha vijana wa ukanda huu. One Fine Day Films, iliyoanzishwa na Marie Steinmann na Tom Tykwer, imetoa filamu kadhaa za Kenya kwa njia ya warsha.

Soko. Tangu 2010 Tamasha la Durban limekuwa na soko la miradi, ambako mtengenezaji mwenye mswada hukutana na wafadhili na watayarishaji wenzake.

Watazamaji. Huu ndio msaada usiohitaji ofisi. Wenyeji wa Afrika Mashariki wanaoishi katika mji wa tamasha hununua tiketi, huwaalika majirani, hubaki ukumbini wakati wa maswali kwa mwongozaji, na mara nyingine humpa mgeni chakula na mahali pa kulala. Ukumbi uliojaa huonekana na wanunuzi pia.

Mifano

Nairobi Half Life (2012) ya David “Tosh” Gitonga ilionyeshwa Durban, na Joseph Wairimu akapata tuzo ya mwigizaji bora. Baadaye ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kushindania tuzo ya Oscar. Kati Kati ya Mbithi Masya ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa wa filamu mjini Toronto mwaka 2016. Softie ya Sam Soko, inayomhusu mwanaharakati Boniface Mwangi, ilipata tuzo maalumu ya uhariri katika Sundance ya 2020.

Kwa upande wa Tanzania, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji ilionyeshwa Toronto mwaka 2021. Filamu hiyo imetokana na riwaya ya Adam Shafi, ambayo wanafunzi wengi wa kidato cha tano na sita wameisoma. Mazungumzo yake ni ya Kiswahili, jambo linaloonyesha kwamba lugha hii haiizuii filamu kufika mbali, mradi tafsiri iwe nzuri.

Matatizo

Kizuizi cha kwanza ni viza. Mwongozaji kutoka Tanzania au Kenya anayealikwa Ulaya au Kanada hulazimika kuonyesha barua ya mwaliko, taarifa za benki na uthibitisho wa kazi. Aliyejiajiri huona ugumu kuvipata vyote, na ombi likikataliwa filamu husafiri bila mwenyewe. Tiketi ya ndege hugharimiwa kwa mtu mmoja tu, pengine bila hata mmoja, na waigizaji hubaki nyumbani.

Kizuizi kingine chaweza kutoka nchini. Rafiki ya Wanuri Kahiu, inayosimulia mapenzi ya wasichana wawili, ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, mwaka 2018. Bodi ya filamu ya Kenya ilipiga marufuku isionyeshwe nchini kabla tamasha halijaanza. Mnamo Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa. Mwaka 2019 mwigizaji wake, Samantha Mugatsia, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika FESPACO.

Kurudi nyumbani

Tuzo ya ugenini haimaanishi kwamba filamu itaonekana ilikotengenezwa. Maonyesho ya shuleni, vyuoni, kwenye vituo vya utamaduni na katika viwanja vya wazi huziba sehemu ya pengo hilo. Maonyesho hayo huwahitaji watu walewale waliosaidia safari: wa kutoa ukumbi, wa kuazima projekta, na wa kulipa kiingilio badala ya kusubiri nakala ya wizi.