Windermere ya Karagwe

Novemba 1861, baada ya kusumbuliwa na hongo kule Usui, Speke na Grant walifika Bweranyange kwa Mukama Rumanyika, wakapokewa kwa ukarimu. Chini ya ikulu lilikuwa ziwa dogo. Grant akaona linafanana na la kwao, likaandikwa Little Windermere.

Windermere iko kaskazini mwa Uingereza, nchi ya Wordsworth na washairi wenzake wa enzi ya Ulimbwende, waliowazoesha wasomaji wao kutazama maji na vilima kwa jicho la ushairi. Wordsworth alifariki 1850. Jicho lake lilifika Karagwe kwa miguu, ndani ya vichwa vya wanajeshi wawili. Mwaka 1876 akaja Stanley, mwandishi wa New York Herald, gazeti la Marekani. Yeye mto Kagera, unaopita pembeni mwa Kyerwa, akauita Alexandra Nile, jina la mke wa mrithi wa kiti cha Uingereza.

Wapo wanaoanzia hapo: maandishi ya kwanza, basi fasihi ya kwanza. Mimi sikubali. Wapiga enanga walikuwa na tendi zao za watawala na vita, na Mulokozi amezichambua kama fasihi iliyokamilika. Kisha mwaka 1975 Israel Katoke akachapisha historia ya ufalme wa Karagwe. Humo Speke ni shahidi mmojawapo, na wazee wasimulizi nao ni mashahidi.