Uzito na lishe ya wajawazito mkoani Simiyu

Uzito wa mjamzito ni kipimo kinachochukuliwa katika kila hudhurio la kliniki ya wajawazito na kuandikwa kwenye kadi ya mama. Husaidia kuonyesha kama mama anapata chakula cha kumtosha yeye na mtoto aliye tumboni. Katika mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu Bariadi, wakazi wengi ni Wasukuma wanaoishi kwa kilimo na ufugaji, hivyo uzito huo hufuata pia msimu wa mwaka.

Kiasi cha kuongezeka

Hakuna kiwango kimoja kwa wote, kwani kinategemea uwiano wa uzito na urefu wa mama kabla ya mimba. Kwa mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2009 na kutumiwa katika nchi nyingi, mwenye uwiano wa 18.5 hadi 24.9 anatarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16. Aliye chini ya hapo anahitaji kilo 12.5 hadi 18. Mwenye 25 hadi 29.9, kilo 7 hadi 11.5, na mwenye 30 au zaidi, kilo 5 hadi 9. Miezi 3 ya kwanza ongezeko ni dogo, na kichefuchefu kinaweza hata kupunguza uzito. Baadaye mwenye uzito wa kawaida huongezeka karibu kilo 0.4 kwa wiki.

Mtoto mwenyewe huwa kama kilo 3 tu. Zilizobaki ni kondo la nyuma, maji ya uzazi, mfuko wa uzazi uliokua, matiti, damu na maji vilivyoongezeka mwilini, na mafuta yatakayotumika wakati wa kunyonyesha.

Ndiyo maana hudhurio la kwanza lina uzito wa pekee. Shirika la Afya Duniani linashauri lifanyike ndani ya wiki 12 za mwanzo. Mama anayeanza kliniki mwezi wa sita hana kilo za mwanzo za kulinganishia. Mhudumu anaweza kupima mzunguko wa mkono wake kwa utepe, lakini kipimo hicho hakionyeshi alivyoongezeka.

Msimu wa kilimo

Mvua huanza kwenye Novemba. Miezi inayofuata chakula cha ghalani hupungua, na ndiyo miezi ya kulima na kupalilia pamba, mahindi na mtama. Mjamzito hutumia nguvu nyingi huku akila kidogo. Ushauri wa kufanya mazoezi, unaomfaa mwenye duka mjini Bariadi anayekaa kutwa nzima, haumsaidii huyu. Anachohitaji ni kupunguziwa jembe, maji na kuni, jambo ambalo mume na mama mkwe wana sauti kubwa kuliko yeye.

Vyakula vya kuongezea ugali, michembe au matobolwa vipo mkoani: dengu, choroko, karanga, maziwa, mlenda, nsansa, na dagaa wa Ziwa Viktoria wanaotoka upande wa Busega. Chai inywewe mbali na mlo, kwa kuwa hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa. Udongo wa kula, unaoitwa pemba katika Kanda ya Ziwa, hauongezi damu. Unaweza kuwa na risasi au mayai ya minyoo. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi humezwa kila siku.

Baadhi ya wajawazito hujinyima chakula wakihofia mtoto mkubwa na uzazi mgumu. Kujinyima kunaweza kuleta mtoto wa chini ya kilo 2.5, aliye katika hatari zaidi ya kufa akiwa mchanga. Malaria nayo hupunguza uzito wa mtoto, hivyo dawa ya SP na chandarua ni sehemu ya huduma hiyohiyo.

Uzito uliozidi

Uzito mkubwa huongeza uwezekano wa kisukari cha mimba, shinikizo la damu na kujifungua kwa upasuaji. Hata hivyo mimba si wakati wa kujikondesha: hupunguzwa soda, maandazi na chipsi, si mlo wenyewe.

Dalili za hatari

Uzito unaopanda ghafla ndani ya siku chache, hasa baada ya wiki ya 20, unaweza kuwa maji na si mafuta. Ukiambatana na uso au mikono kuvimba, kichwa kuuma sana, kuona ukungu au maumivu ya juu ya tumbo, huenda ni dalili ya kukaribia kifafa cha mimba, na mama apelekwe kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.