Kutokuwamo: Mashahidi wa Yehova na uchaguzi wa mitaa

Kutokuwamo ni msimamo wa Mashahidi wa Yehova wa kujiepusha na siasa: hawagombei, hawajiungi na chama, hawafanyi kampeni, na karibu wote hawapigi kura. Kodi wanalipa, sheria za nchi wanazitii, wala hawamzuii jirani kwenda kituoni. Kesi za bendera na za utumishi wa jeshi ndizo zilizoutangaza msimamo huu duniani, lakini mahali unapopimwa hasa ni chini kabisa, kijijini na mtaani, ambako mgombea ni mtu mnayechota naye maji kisima kimoja.

Msingi wake wa Maandiko unatoka zaidi katika Injili ya Yohana: Yesu akiukwepa umati uliotaka kumfanya mfalme (6:15), akiwaombea wanafunzi wasio wa ulimwengu (17:14), na akimwambia Pilato kuwa ufalme wake si wa ulimwengu huu (18:36). Paulo anaongeza picha ya utume katika 2 Wakorintho 5:20, na hapo tafsiri za Kiswahili hutumia “wajumbe” au “mabalozi”. Hoja ya Mashahidi ni nyepesi kuielewa: balozi hapigi kura katika nchi alikotumwa. Msomaji wa Tanzania atatambua kwamba mjumbe na balozi ndiyo majina ya kiongozi wa nyumba kumi, ngazi iliyoanzishwa na TANU, chama tawala cha wakati huo, katikati ya miaka ya 1960. Kwa hiyo anayejiona balozi wa Ufalme wa Mungu ameishi siku zote karibu na balozi mwingine, anayejua nani ana kadi ya chama na nani hana. Mashahidi walipigwa marufuku nchini humo mwaka 1965, wakasajiliwa tena 1987.

Msimamo haukuwa na sura ileile siku zote. Ndani ya makutaniko yao wenyewe, wazee walichaguliwa kwa kura za waumini hadi mwaka 1932, utaratibu huo ulipoachwa, na baadaye uteuzi ukahamia juu. Wafuasi wa dini ya Kibahai walikwenda njia nyingine: nao wanajitenga na vyama, lakini kila Aprili huchagua baraza la mahali la watu tisa kwa kura ya siri, bila wagombea wala kampeni. Kuhusu uchaguzi wa serikali, Mnara wa Mlinzi la Novemba 1, 1999 liliacha uamuzi kwa dhamiri ya kila Shahidi. Pale ambapo sheria inamlazimu mtu kufika kituoni, lilieleza, anaweza kwenda, na atakachofanya ndani ya kibanda ni kati yake na Mungu.

Ugumu unaanzia hapo. Kura ni siri, lakini kutopiga kura si siri. Mahali ambapo wapigakura huchovya kidole katika wino, kidole kisafi kinamtangaza mwenyewe. Mjini hakuna anayekitazama. Kijijini kinaonekana kabla ya jua kutua, na wenye chama huweza kukisoma kama upinzani.

Malawi ilionyesha usomaji huo unaweza kufika wapi. Serikali ya Kamuzu Banda iliwapiga marufuku Mashahidi mwaka 1967. Shida kubwa haikuwa karatasi ya kura bali kadi ya Malawi Congress Party, chama pekee kilichoruhusiwa. Vijana wa chama waliidai majumbani, sokoni na kwenye vituo vya mabasi. Asiye nayo aliweza kukosa kununua chumvi au kupanda basi. Kwa raia wengi kadi ilikuwa kama risiti ya kodi tu. Kwa Shahidi, kuinunua kulikuwa kuingia chamani, na hapo ndipo wote wawili, chama na muumini, walipoelewana vizuri kuliko watu wengine wote: kila mmoja alijua kadi ile ina maana gani. Septemba 1972 mkutano mkuu wa chama ulipitisha azimio la kuwafukuza kazini na kuwazuia kulima na kufanya biashara. Vipigo, ubakaji na uchomaji wa nyumba vikafuata. Maelfu kwa maelfu walikimbilia kambi ya Sinda Misale nchini Zambia, wakarudishwa, kisha wakatorokea Msumbiji. Marufuku iliondolewa mwaka 1993, mwaka uleule Wamalawi walipokubali vyama vingi kwa kura ya maoni.

Zambia yenyewe ilikuwa na doa lake: karibu na uchaguzi wa 1968, Mashahidi waliokataa kujiandikisha na kupiga kura walishambuliwa na vijana wa UNIP, chama tawala.

Kenya inatoa mfano wa jirani, usiowahusu Mashahidi hasa. KANU, chama tawala, ilipoamua kuteua wagombea kwa mlolongo, watu wakisimama nyuma ya mgombea au picha yake, wachungaji wa Baraza la Kitaifa la Makanisa (NCCK) walipinga Agosti 1986. Mchungaji akisimama mstari huu, waumini walio mstari ule watamsikilizaje Jumapili? Walitaka kupiga kura, ila bila kuonekana. Mlolongo ulitumika 1988 hata hivyo, ukafutwa mwishoni mwa 1990. Usiri wa kura unamtunza mchungaji anayepiga. Shahidi asiyepiga haumfikii.

Kinachoweza kumfikia ni sheria inayotambua sababu yake. Nchini Australia, ambako kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho ni lazima tangu 1924, sheria inakubali imani kwamba kutopiga kura ni wajibu wa kidini kuwa sababu halali, na mtu hatozwi faini.

Eritrea ilichagua njia nyingine kabisa. Mashahidi hawakushiriki kura ya maoni ya uhuru ya Aprili 1993, na walikataa pia utumishi wa jeshi. Oktoba 25, 1994, amri ya Rais Isaias Afwerki iliwavua haki za uraia: vitambulisho, leseni za biashara, ajira serikalini. Mashahidi 28 waliokuwa wamefungwa waliachiliwa Desemba 4, 2020, watatu kati yao wakiwa wamekaa gerezani tangu Septemba 1994 bila kufikishwa mahakamani.