Kuandikishwa Jeshini: Muthurwa na Mitaa Jirani

Muthurwa ni mtaa wa wafanyakazi wa reli ulio kando ya barabara ya Landhies, mashariki mwa katikati ya jiji la Nairobi. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na Waafrika walioajiriwa nayo wakaja kujengewa landi: vyumba vya safu, maji na vyoo vya pamoja. Leo mtaa unajulikana zaidi kwa steji ya matatu na soko lililofunguliwa mwaka wa 2008. Muthurwa haina kambi ya jeshi, ila mitaa inayoizunguka imebeba sehemu kubwa ya historia ya namna Wakenya walivyoingia jeshini, wengine kwa hiari, wengine kwa kukamatwa.

Ng'ambo ya Mto Nairobi iko Kariokor, ilikokuwa kambi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Jina la mtaa ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao, lilivyotamkwa na wenyeji. Waingereza walihitaji watu wa kubeba risasi na chakula dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika, na mwaka wa 1917 machifu wakaamriwa kuwatoa vijana kwa wingi. Huo haukuwa uandikishaji bali msako. Mpagazi hakupewa bunduki wala mafunzo ya maana, alipewa mzigo. Rekodi za Waingereza wenyewe zinahesabu vifo zaidi ya 40,000, na kuhara damu, malaria na lishe mbovu viliua wengi kuliko risasi.

Askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi lililoundwa mwaka wa 1902, walikuwa na hali tofauti. Wao walipigishwa kwata, wakafundishwa shabaha na kulipwa mshahara. Maofisa walipendelea vijana wa mashambani, hasa kutoka jamii walizoziita za kivita, kama Wakamba na Wakalenjin. Msomi wa mjini walimshuku. Dhana hiyo haikuwa na msingi, na Vita vya Pili vikaitikisa: jeshi lilipohitaji madereva, makarani na mafundi wa mawasiliano, lilimtafuta huyo huyo aliyejua kusoma. Afrika Mashariki ilitoa zaidi ya wanajeshi 300,000, waliopigana Uhabeshi, Madagaska na Burma. Soko la Burma, lisilo mbali na Muthurwa na maarufu kwa nyama, lina jina la vita hivyo.

Mmoja wa askari hao ni Waruhiu Itote. Aliingia KAR mwaka wa 1942, akapigana Burma, kisha akarudi na kuajiriwa na reli. Ujuzi wa jeshini aliupeleka msituni, akawa Jenerali China wa Mau Mau, hadi alipokamatwa Januari 1954. Baada ya uhuru akawa miongoni mwa viongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), iliyoanzishwa mwaka wa 1964. Serikali ya kikoloni iliyomfunza vita ndiyo aliyokuja kupigana nayo, jambo ambalo waliomwandikisha hawakulitarajia.

Siku hizi kijana ndiye anayelitafuta jeshi. Majeshi ya Ulinzi ya Kenya (KDF) hutangaza zoezi la usajili magazetini, na vituo hufunguliwa katika kaunti mbalimbali ili nafasi zisiangukie jamii chache. Anayejitokeza awe raia mwenye kitambulisho na cheti cha KCSE, na kwa nafasi za kawaida awe na umri wa miaka 18 hadi 26. Kimo kisipungue mita 1.60, uzani usipungue kilo 54.55 kwa wanaume na 50 kwa wanawake. Mwanamke hatakiwi kuwa mjamzito wakati wa usajili wala mafunzo. Kisha huja mbio, ukaguzi wa meno, miguu, macho na makovu, na hapo wengi hurudishwa nyumbani kabla vyeti vyao havijasomwa vizuri.

Waliochaguliwa hupewa barua na kuripoti Moi Barracks, Eldoret, kwenye shule ya makurutu; wanaosomea uofisa huenda Lanet, Nakuru. Kwa miezi kadhaa kurutu huamshwa alfajiri, hukimbia na mzigo mgongoni, hujifunza silaha, kusoma ramani, huduma ya kwanza na sheria za kijeshi, na kila amri huijibu "afande". Kwata hula muda mwingi kuliko kurutu anavyodhani, kwa kuwa ndiyo inayomfunza kutii pamoja na wenzake. Mafunzo huishia kwa gwaride la kufuzu, wazazi wakitazama.

Usajili ni bure. Matapeli huuza barua bandia kwa familia zinazouza hata shamba, na kila mara wapo vijana wanaokamatwa langoni Eldoret wakiwa nazo. Ukiombwa pesa ili mtoto wako aingie jeshini, usitoe. Piga ripoti polisi.